Wacheni Kutuuzia P/E Ndogo Kama Ofa ya Supamaketi

Wiki jana nilifuta video yangu moja. Wale mko hapa kitambo mnaijua: ile nimesimama kwa steji ya Odeon, simu mkononi, nikisema, "Hisa tano za bei rahisi zaidi NSE, zote P/E chini ya 5, shika kabla wenye pesa hawajaamka." Hiyo ndiyo video iliyoniletea wafuasi wengi kuliko zote. Komenti zilikuwa moto tupu. Watu walinishukuru hadi nikajiona mwalimu.

Niliifuta kwa sababu ya elfu arobaini za binamu yangu.

Yeye huuza viatu vya mitumba Gikomba. Hizo pesa alikuwa akiziweka kidogo kidogo, za kumlipia mdogo wake karo ya kwanza ya chuo. Akaona video yangu, akasema huyu ni damu yangu, hawezi kunipoteza. Akafungua akaunti ya CDS, akanunua hisa iliyokuwa namba mbili kwenye orodha yangu. P/E yake ilikuwa 3. Mimi mwenyewe nilisema mbele ya kamera kwamba hii ni kama kuokota pesa barabarani.

Kampuni yenyewe siitaji, manake haikumdanganya mtu. Ripoti yake ilikuwa wazi: mwaka ule ilikuwa imeuza shamba, na sehemu kubwa ya ile faida ilitoka hapo. Shamba huuzwa mara moja. Mwaka uliofuata hakukuwa na shamba lingine la kuuza, faida ikageuka hasara, bei ikaanguka zaidi ya nusu. Binamu aliuza akabaki na elfu kumi na saba. Karo ikalipwa na mkopo wa chama cha shangazi.

Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Tulikutana kwa shangazi Jumapili moja, akanimiminia chai, akaniuliza swali moja tu: "Kwani wewe ulisoma hiyo ripoti?"

Sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimeona namba moja kwa simu.

Kwa hivyo leo nina maneno na walimu wote wa hisa wa TikTok na WhatsApp, na naanza kujichapa mimi mwenyewe. Wasee, tunaua watu na hii P/E.

Hebu kwanza tuelewane, manake kuna mtu hapa ameingia juzi. P/E ni bei ya hisa moja ukiigawa kwa faida ambayo kampuni ilipata kwa kila hisa kwa mwaka. Hisa ikiuzwa shilingi 30, na faida kwa kila hisa ni shilingi 10, P/E ni 3. Maana yake unalipa shilingi tatu kupata shilingi moja ya faida ya mwaka. Hesabu ya darasa la nne. Na kwa sababu ni rahisi hivyo, kila mtu mwenye bando anaweza kuwa mtaalamu.

Walimu wetu hukuambia hivi: P/E 3 inamaanisha pesa yako itarudi kwa miaka mitatu, kwa hivyo hisa ni rahisi. P/E 20 utangoja miaka ishirini, kwa hivyo hisa ni ghali. Imeisha hiyo, nunua ya 3.

Sasa njoo nikupeleke mtaani.

Kuna mama anauza kibanda chake cha chapo madondo. Anataka laki tatu. Mwaka jana kibanda kilimpa faida ya laki moja. P/E ni 3. Kwa hesabu ya TikTok, unakimbia kutafuta laki tatu hata kama ni ya kukopa. Lakini wewe si mjinga, unajua mtaa. Unauliza: mbona anauza bei hiyo? Unatazama upande wa pili wa barabara, unaona ghorofa inajengwa. Watu wa mjengo ndio wamekuwa wakila hapo saa saba kila siku. Ghorofa imebakisha rangi na vioo. Mwezi ujao wale watu wote wanahamia mjengo mwingine, na kibanda kinabaki na wateja wa kuhesabu na vidole.

Laki moja ya mwaka jana ilikuwa ya kweli. Mama hakudanganya hata shilingi. Ila ilikuwa faida ya mjengo, na wewe unanunua kibanda baada ya mjengo kuisha. P/E yako ya kweli ni laki tatu ukigawa kwa faida itakayobaki, na ikibaki elfu kumi, hiyo ni P/E ya 30. Umenunua kitu ghali kabisa ukifikiri umeokota.

Ona ajabu: kwa kibanda cha jirani hakuna mtu anadanganyika. Watu wetu wanajua kuuliza. Mama mboga anajua kuuliza. Lakini ukituwekea namba kwa skrini na mstari wa kijani, akili tunaiacha kwa steji.

Mkisema hiyo ni hadithi ya kibanda, haya, tuje kwa soko lenyewe.

Mumias Sugar. Wengine wenu mlikuwa shule ya msingi, lakini waulize wazazi. Iliingia soko la hisa 2001 na watu wengi wa kawaida walinunua, wakulima wa miwa wakiwemo. Katika mwaka wa fedha ulioisha Juni 2012, ilitangaza faida ya karibu shilingi bilioni 2. Ilikuwa na hisa kama bilioni 1.53, kwa hivyo kila hisa ilikuwa na faida ya shilingi moja na senti thelathini hivi. Ukiinunua kwa shilingi tano, sita, P/E yako ilikuwa 4 na kitu. Kampuni kubwa, jina kubwa, sukari kwa kila duka. Kama TikTok ingekuwepo, ningekuwa nje ya Odeon nikiimba.

Mwaka uliofuata ilipata hasara ya zaidi ya bilioni 1.6. Hasara ikazaa hasara. Kufikia Septemba 2019, benki ya KCB iliyokuwa ikiidai ilikuwa imeiweka chini ya meneja mrasimu, na hisa ikasimamishwa kuuzwa sokoni. Kuna wazee hadi leo wana hizo hisa kwa akaunti na hawawezi kuziuza hata kwa senti kumi.

P/E ya 4 haikuwa imekosea hesabu. Bei ilikuwa ya kweli, na faida ilikuwa imetangazwa. Kosa ni kudhani faida ya mwaka jana ni ahadi ya mwaka ujao. Soko lilikuwa limeona miwa inapungua, sukari ya nje inaingia na madeni yanakua, na ndiyo maana halikutaka kulipa zaidi ya hapo. Bei ilikuwa chini kwa sababu, na sababu ndiyo ulipaswa kuitafuta.

Sasa kuna wale watasema, sawa, basi nitanunua kampuni nzuri na nisijali P/E kabisa. Kampuni poa ni kampuni poa. Ndugu zangu, hapo pia mtapigwa, tena na kampuni mnayoipenda.

Agosti 2021 hisa ya Safaricom ilikuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 40. Faida yake kwa kila hisa, katika mwaka ulioisha Machi 2021, ilikuwa kama shilingi 1.71. Gawanya mwenyewe: P/E zaidi ya 23. Watu walikuwa wakinunua wakisema Safaricom haiwezi kuanguka, kila Mkenya ana M-Pesa. Ni kweli, haikuanguka. Mwaka ulioisha Machi 2023, faida kwa kila hisa ya wanahisa wake ilikuwa shilingi 1.55 hivi. Imeshuka, ndiyo, kama asilimia kumi, Ethiopia ikiwa ndiyo inaanza na inakula pesa. Lakini bei ya hisa mwisho wa 2023 ilikuwa karibu shilingi 14.

Soma hiyo tena polepole. Faida ilishuka asilimia kumi, bei ikashuka kama thuluthi mbili. M-Pesa ilikuwa bado inafanya kazi kila kona. Kilichobadilika ni kiasi ambacho watu walikuwa tayari kulipa kwa kila shilingi moja ya faida: kutoka shilingi 23 na zaidi hadi shilingi 9. Aliyenunua juu hakukosea kampuni, alikosea bei. Kwa hivyo mimi siji hapa kuwaambia mtupe P/E. Ingemsaidia yule mtu. Ingemwambia, boss, kwa bei hii unalipia miaka mingi ya ukuaji ambao haujafika.

Na mbona watu walikataa kulipa? Hapa ndipo walimu wetu hunyamaza kabisa, na ndipo pametamu.

Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, na riba hiyo haikatwi ushuru. Tuigeuze iwe lugha ya P/E. Ukilipa shilingi 100, unapata shilingi 18.46 kila mwaka. 100 ukigawa kwa 18.46 ni kama 5.4. Yaani serikali ilikuwa inakuuzia "hisa" ya P/E 5.4, ambayo faida yake unawekewa mkononi kila miezi sita, na hakuna shamba la kuuzwa wala meneja wa kutoroka. Sasa kampuni ya P/E 10 inakupa shilingi 10 kwa kila mia, tena si zote unapewa, nyingine inabaki ndani ya kampuni. Ni nani mwenye akili timamu angeacha 18 akimbilie 10, kama haoni kwamba hiyo 10 itakua haraka?

Ndiyo maana mwisho wa 2023 benki zetu kubwa, zikitengeneza mabilioni, zilikuwa na P/E chini ya 5. Karibu zote. Kwa hivyo nilipokuja na video yangu nikisema nimewachimbulia hisa za P/E chini ya 5, nilikuwa nimechimbua nini? Soko zima lilikuwa kwenye bei hiyo. Ni kama mtu aje akuambie amekupata na siri, nyanya Marikiti ni shilingi tano, na msimu wenyewe nyanya ni tano kila mahali.

P/E peke yake haina maana. Lazima uilinganishe na kitu: na kampuni za kazi hiyo hiyo, na yenyewe miaka ya nyuma, na kile ambacho serikali inakulipa ukikaa tu. Benki Kuu ilipoanza kushusha riba Agosti 2024, hesabu ikageuka, na 2025 bei za hisa nyingi zikapanda. Baadhi ya walimu walijipiga kifua kwamba walijua. Walijua nini? Riba hata hawakuitaja.

Na sasa najua kabisa kuna mtu ameshaandika kwa komenti: "Na Kenya Power je?" Poa, tuende huko, manake hiyo ndiyo silaha yenu kubwa na sitaikwepa.

Kenya Power ilipata hasara ya zaidi ya bilioni 3 katika mwaka ulioisha Juni 2023. Mwaka uliofuata, faida ya bilioni 30. Ina hisa bilioni 1.95, kwa hivyo faida kwa kila hisa ilikuwa zaidi ya shilingi 15. Na hisa yenyewe ilikuwa chini ya shilingi 5! P/E chini ya 0.4. Yaani ulikuwa unanunua kampuni kwa pesa pungufu ya nusu ya faida yake ya mwaka mmoja. Kisha 2025 bei ikapita shilingi 10. Aliyenunua akaomoka. Hiyo ni kweli na siwezi kuikana.

Lakini niambie, wewe uliyeisambaza, ulijua ile bilioni 30 ilitoka wapi? Kampuni hiyo ina madeni ya dola na yuro. Mapema 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160, halafu shilingi ikapata nguvu hadi dola ikawa kama 129. Deni lilelile, likihesabiwa kwa shilingi, likapungua. Sehemu kubwa ya ule mruko ilitoka hapo. Sasa, shilingi haiwezi kupanda hivyo kila mwaka. Mtu aliyesoma ripoti aliuliza: nikitoa hiyo ya dola, biashara yenyewe ya kuuza stima inaleta faida? Akaona inaleta. Akaona pia kampuni imetangaza mgao wa senti 70 baada ya miaka kadhaa bila kitu. Akanunua akijua anachonunua. Mwingine aliona 0.4 akanunua. Wote wawili walipata pesa, lakini mmoja alifanya kazi na mwingine alirusha sarafu. Yule wa sarafu ndiye atakayenunua Mumias inayofuata, kwa sababu amefundishwa na bahati kwamba namba ndogo ni pesa ya bure.

Kwa hivyo kama utanunua hisa kwa sababu ya P/E, fanya haya kwanza. Si siri, si kozi ya elfu tano, hamnilipi kitu.

1. Fungua ripoti ya mwaka. Iko kwa tovuti ya kampuni, bure. Tafuta ukurasa wa mapato na hasara, uone faida imetoka wapi. Kama kuna shamba, jengo, kampuni tanzu iliyouzwa, au mabadiliko ya bei ya dola, toa hiyo pesa, kisha upige P/E yako upya.

2. Tazama faida ya miaka mitano, usitazame ya mwaka mmoja. Inayopanda na kushuka kama matatu ya Rongai kwenye matuta, chukua wastani wake.

3. Linganisha na wenzake. Benki na benki, simenti na simenti. Benki ya P/E 4 na kampuni ya simu ya P/E 12 si vitu vya kuweka kwa mizani moja.

4. Uliza serikali inalipa ngapi leo. Gawanya 100 kwa hiyo riba, ndiyo P/E ya kukaa tu. Kampuni inayouzwa juu ya hapo lazima ikuonyeshe itakavyokua.

5. Kama ni karo, kodi ya nyumba au pesa ya hospitali, hata P/E ya 1 isikuguse.

Ile ya tano iweke kwa moyo. Soko linaweza kukaa miaka likikataa kuona kile umeona wewe, na mwenye nyumba hangoji.

Na kwa wenzangu tunaotengeneza video: tuache kujificha nyuma ya "huu si ushauri wa kifedha". Hayo maneno tunayaweka kwa maandishi madogo chini, huku juu tumeandika kwa herufi nyekundu SHIKA SASA. Tunajua anayetutazama ni nani. Mwenye mamilioni ana broka wa kumpigia. Anayetutazama ni kijana wa boda, ni msichana wa saluni, ni mwanafunzi aliyebakisha pesa ya HELB. Hao wakichomeka, sisi tunahamia video inayofuata, na views zetu tumeshalipwa. Hiyo si elimu. Huo ni ukuwadi wa hisa.

Mimi nimeanza kumlipa binamu yangu elfu mbili kila mwezi. Alikataa, akasema ni yeye aliyebonyeza. Nikamwambia ndiyo, wewe ulibonyeza, lakini kidole kilikuwa changu. Sasa anazipokea, na amenipa kazi: nikitaka kutaja hisa yoyote hapa, lazima kwanza nimsomee ripoti, yeye akiwa amekaa kwa stuli yake Gikomba kati ya wateja. Majuzi nilimpelekea kampuni moja ya P/E 4, nimejaa furaha. Akanisikiliza, akapanga viatu, akauliza, "Mjengo uko wapi?"

Ilinichukua siku mbili kuupata. Ulikuwa ukurasa wa 61.